Jina la Mtoto wa Namkunda

Hadithi hii ina watu watatu na jina moja, na jina lenyewe bado halijatamkwa. Sikilizeni mpaka mwisho, kwa sababu mwisho nawaachia ninyi.

Huko milimani Upare walikuwapo watu watatu wenye vipaji. Nakiete alijua kutafuta. Mbuzi akipotea au hereni ikidondoka shambani, aliitwa yeye kabla watu hawajaanza kulaumiana. Mzee Kalage, mzee wa kanisa, alijua kusema. Aliwahi kuwakalisha ndugu waliogombania mpaka wa shamba, na siku hiyohiyo wakala sahani moja. Bi Zubeda, jirani Mwislamu, alijua kuzalisha. Nusu ya watoto wa kilima kile, wa msikitini na wa kanisani, walipokelewa na mikono yake.

Wote watatu walikuwa watu wa karibu wa Mchungaji Eliamini. Nakiete alikuwa dada yake wa tumbo moja.

Mchungaji alikuwa amechoka. Mitaa ya usharika wake ilitawanyika mabondeni na vilimani, naye aliizungukia kwa miguu. Akitoka kuzika huku, anaitwa kusuluhisha ndoa kule. Alikuwa amezoea kusema "sawa" kabla mtu hajamaliza maneno yake, ili apate kukaa.

Lakini kilichomchosha kuliko vilima ni Jumapili moja. Binti yake Namkunda alipata mimba akiwa hajaolewa, na hakumtaja mwanamume. Utaratibu wa kanisa lile ulitaka jina la binti wa namna hiyo lisomwe mbele ya ibada, na atengwe na meza ya Bwana. Mchungaji alikuwa amesoma majina ya mabinti wa watu wengine. Akaona hawezi kuliruka la kwake. Akalisoma. Alipofika nyumbani, Namkunda alikuwa ameondoka.

Hakumfuata. Alisema baba hamfuati binti, tena mchungaji haachi kundi. Mkewe akamsikiliza, akamjibu, "Una sababu mbili, na mtoto hayupo."

Nakiete hakungoja kutumwa. Alijitwika tangawizi kama anakwenda kuuza, akashuka tambarare, akapita soko baada ya soko. Hakuulizia binti aliyepotea, maana watu wangemficha. Aliulizia mashamba ya vitunguu yaliyochukua vibarua wapya, kisha akakaa penye bomba la maji, mahali ambapo kila mtu lazima afike. Namkunda akaja na ndoo.

"Shangazi, umekuja kuuza huku?"

"Nimekuja kuchoka. Nigeuzie hiyo ndoo niikalie."

Walizungumza sana. Mwishowe Namkunda akasema, "Nyumbani napataka. Ila kurudi kundini lazima nisimame mbele ya watu wanitazame tumbo. Sisimami."

Nakiete akampelekea Mzee Kalage maneno hayo, naye Kalage akayafikisha kwenye baraza la wazee. Mchungaji alikuwapo, lakini kwa kuwa shauri lilikuwa la mwanawe hakuruhusiwa kusema. Alitazama meza.

"Wazee wenzangu," Kalage akasema, "mabinti tumewasimamisha wengi. Nani anakumbuka mwanamume tuliyemsimamisha?"

"Wanaume hawaonekani, Kalage," mmoja akajibu. "Hawana tumbo."

"Wewe hilo lako ulilijaza kwa nini?"

Wakacheka. Kalage akaendelea kusema taratibu mpaka wazee wakakubali: Namkunda atatubu ofisini, faragha, na hilo liishe. Nakiete akalishusha neno hilo tambarare. Namkunda akafunga mzigo wake.

Wakati wa kurudi kilimani, mvua ilikuwa imeiharibu barabara, na bodaboda haikuweza kupita. Shangazi na binti wakapanda kwa miguu. Kwenye kona ya chini ya mashamba ya migomba, uchungu ukamshika Namkunda. Bi Zubeda alipopata habari kwa watu wa mashambani aliteremka na kanga zake, akiteleza kwenye tope. Mtoto wa kike alitoka kitovu kikiwa kimemzunguka shingoni, kimya, rangi ya majivu. Bi Zubeda akakitegua, akampulizia pumzi kinywani, akampulizia tena, mpaka mtoto akalia. Namkunda naye alikuwa anatokwa damu, na mikono ileile ikaizuia. Kisha akawafunika wote wawili, na vijana wakawapandisha kwa machela.

Sasa, katika ukoo wa mchungaji, mtoto asiye na baba anayejulikana hupewa jina na mtu aliyemrudisha mama yake nyumbani. Mtu huyo ndiye atakayeitwa mtoto akiugua, na ndiye atakayeketi mbele siku ya kuolewa kwake. Anakuwa mmoja tu.

Siku chache kabla ya ubatizo, Nakiete akaja. "Kaka, mimi sikuzaa. Nampa jina la mama yetu, Nanzia." Mchungaji akasema, "Sawa." Mzee Kalage akaja. "Mchungaji, marehemu mke wangu hana wajina hapa duniani. Aitwe Eliwaza." Mchungaji akasema, "Sawa." Bi Zubeda akaja na bakuli la uji wa mzazi. "Jirani, mimi nataka Mariamu, jina la mama yangu. Hata kwenye kitabu chenu limo, hamtapata kisingizio." Mchungaji, akiwa anavua viatu, akasema, "Sawa."

Mkewe alipoyajua yote, akashika kiuno. "Baba Namkunda, umegawa jina moja mara tatu."

"Nimpe yote matatu."

"Akiugua nani aitwe? Wasukumane mlangoni?"

Mchungaji akafikiri. Akimwacha Nakiete, anaukosea ukoo. Akimwacha Kalage, mtu aliyelilainisha kanisa anaondoka na uchungu. Akimwacha Bi Zubeda, kilima kizima kitajua kwamba mikono ya Mwislamu inafaa kuokoa, lakini haifai kuheshimiwa. Akamwomba Namkunda achague.

"Hapana, baba," Namkunda akasema, akimnyonyesha mtoto. "Jina langu ulilisoma wewe. La mwanangu nalo utalitamka wewe."

Jumapili ikafika. Nakiete na Kalage wameketi benchi la mbele. Bi Zubeda amesimama nje, penye dirisha lililo wazi. Mchungaji amempakata mjukuu wake kwa mkono mmoja, na mwingine ameutia majini.

Mimi naishia hapo. Bila Nakiete, Namkunda asingeonekana, bila Kalage asingekubali kurudi, bila Bi Zubeda asingefika. Haya, ninyi mliosikiliza: mtoto huyu aitwe nani?