Kivuko cha Alhamisi

Maji usiyoyafika hujui wingi wake. Methali hii huwasema watu wawili kwa mpigo: mwoga anayekimbia dimbwi la kufika kifundoni, na mjuaji anayevuka mto kwa kalamu akiwa amekaa mezani. Mwoga leo tumwache apumzike. Hadithi hii ni ya mjuaji, na ya shemeji yake aliyempeleka hadi ukingoni.

Shemeji huyo alikuwa fundi baiskeli. Watu walimwita Mama Spoki kwa sababu hakukosa spoki moja ya gurudumu aliyoichomeka kwenye kilemba, tayari kwa kazi. Kibanda chake kilikuwa kando ya mfereji mkubwa, hatua ishirini kutoka lango la kwanza la maji, na mlango wake ulitazama njia ya changarawe iliyofuata ukingo. Marehemu mumewe ndiye aliyeukata mlango upande ule. "Wateja watakuja na maji," alisema, na kweli walikuja: walimu, wauza maziwa, wakunga, wapenda safari za Jumapili wenye tairi pana zenye meno. Wote walimwachia pancha na umbea, na kwa vitu hivyo viwili Mama Spoki alisomesha watoto watatu.

Asubuhi moja alikuta tangazo limebandikwa kwenye lango. Idara ya mifereji ilikusudia kuweka uzio wa waya ukingo mzima, kwa kuwa njia ile, tangazo lilisema, haiendi popote. Uzio ungepita hatua mbili kutoka mlangoni pake. Lilikuwapo sharti moja la kuuzuia: wakazi waoneshe njia kamili ya baiskeli kutoka lango la kwanza, kupitia mabwawa matatu, hadi daraja la bonde la mto. Iwe njia ya kupitika siku yoyote ya wiki bila mtu kubeba baiskeli begani. Mkuu wa mifereji angekuja kuiendesha mwenyewe, Ijumaa ya wiki ya pili.

Mama Spoki alilisoma mara mbili, akafuta grisi mikononi.

"Haiendi popote," alisema peke yake. "Basi tutaipeleka."

Alikwenda moja kwa moja kwa mdogo wa marehemu mumewe, mchora ramani. Huyu mtaa mzima ulimwita Rula, kwa kuwa hata mkate aliukata kwa kupima. Alikuwa mtu safi, shati limenyooka, kalamu nne mfukoni zimejipanga kwa urefu. Moyo wake haukuwa mbaya hata kidogo. Ila alikuwa na ugonjwa wa wasomi wengi: akishaliona jambo kwenye karatasi, kwake limekwisha.

Kesho yake jioni alifika kibandani na ramani. Mstari wa buluu ulikuwa umepita juu yake kama uzi mpya kwenye kitambaa.

"Kilomita thelathini na moja," alisema. "Ukingo wa mfereji, bwawa la kwanza, la pili, la tatu, kisha tunavuka kijito hapa palipoandikwa kivuko, tunaingia bondeni. Kazi imekwisha, shemeji."

"Umepita?"

"Nimepita kwa macho. Picha zilizopigwa kutoka angani zinaonesha hadi kokoto."

"Macho hayana tairi."

"Na tairi hazina elimu, shemeji."

Walicheka, maana utani wa mashemeji ndio chumvi ya nyumba. Lakini Alhamisi Mama Spoki alifunga kibanda, akabana kipande cha kadi kwenye spoki ya gurudumu la mbele ili kigonge uma kila linapozunguka, akaondoka akihesabu mizunguko. Changarawe ya mfereji ilikuwa ngumu na nzuri. Bwawa la kwanza lilikuwa na bata, la pili lilikuwa na tope upande mmoja tu, la tatu lilizungukwa na matete marefu kuliko mtu. Alipofika kivukoni alikuta mawe yamejitokeza na maji membamba yakipita katikati. Alivuka bila kushuka, na viatu vyake havikulowa. Saa nane alikuwa kwenye daraja la bonde, moyo umejaa furaha.

Jioni alimwomba Rula radhi kwa kumtilia shaka. Rula alipokea radhi ile kama mtu anayepokea mshahara wake, na Ijumaa akaipeleka ramani idarani ikagongwa muhuri. Hapo fundi wetu naye alijikwaa, tusimfiche. Alikuwa amefika majini siku moja, akadhani ameyajua ya siku saba.

Jumamosi mlinda lango la maji alimletea baiskeli yake. Gurudumu la nyuma lilikuwa likilia kama paka aliyekanyagwa mkia. Mama Spoki alifungua kitovu cha gurudumu na kukuta grisi imegeuka nyeupe kama maziwa, imechanganyika na mchanga. Mvua haikuwa imenyesha kwa wiki tano.

"Umeiogesha wapi hii?" aliuliza.

"Kivukoni, jana."

"Mimi nimepita pale juzi. Maji hayakufika hata kwenye pedeli."

"Juzi ilikuwa Alhamisi," mlinda lango alisema. "Alhamisi tu nafunga. Siku nyingine zote nafungulia maji ya mashamba, na yote hupita pale. Jana niliingia nayo, yakanifika kifuani, nikaipandisha begani. Sisi wa malangoni tunakiita kivuko cha Alhamisi."

"Miaka yote hii hukuniambia."

"Hukuniuliza, mama. Wewe huuliza habari za breki tu."

Mama Spoki aliweka spana chini. Mkuu wa mifereji angekuja Ijumaa.

Jumatatu alfajiri alirudi kivukoni. Yale mawe hayakuonekana. Palikuwa na maji mapana, ya rangi ya chai, yanayokwenda bila kelele. Aliingia ameshika baiskeli, hatua moja, mbili, na ya tatu haikukuta ardhi. Alijikuta amening'inia kwenye tandiko la baiskeli iliyokwama kwenye jiwe, akajivuta hadi ukingoni, amelowa hadi shingoni. Aliogopa, na hakuona haya kuogopa. Kisha hasira ikaja, tena ya kujikasirikia mwenyewe. Hasira hiyo ilimfaa kuliko kilio, maana ilimwinua.

Alifuata kijito kuelekea kilikotoka, akivuta baiskeli kwenye matete nyuma ya bwawa la tatu, akihesabu mapigo ya kadi. Kwenye pigo la mia saba na kumi gurudumu liligonga zege. Alifyeka majani kwa mikono. Chini yake palikuwa na karavati la zamani, mabomba makubwa mawili yenye mgongo wa zege, na maji yakinguruma ndani yake. Aliweka usukani kukingama upana wake, na nafasi ikabaki pande zote mbili.

Jioni Rula alimsikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Ramani imeshagongwa muhuri," alisema. "Nikirudi kuibadilisha, wataniita mbabaishaji. Nimejenga jina kwa miaka kumi na tano, shemeji."

"Na kaka yako alijenga mlango. Njoo kesho ufike. Ukifika, useme utakalo."

Rula alikuja Jumanne, amenuna. Mama Spoki hakumhutubia. Alimpa fito ndefu tu, akamwonyesha maji. Rula aliizamisha fito hatua tatu kutoka ukingoni hadi ikagusa chini, akaitoa, akaisimamisha kando ya mwili wake. Alama ya maji ilikuwa sawasawa na mfuko wenye kalamu nne. Aliiweka fito chini, akakunja mikono ya shati.

"Fyekeo liko wapi?" aliuliza.

Siku tatu walifyeka matete na kumwaga kokoto kwa mkokoteni, na kila alipopata nafasi mlinda lango alikuja na koleo lake. Rula aliota malengelenge, yakapasuka, yakaota mengine juu yake. Alhamisi jioni njia ilikuwa nyembamba, nyeupe na ngumu hadi kwenye karavati.

Mkuu wa mifereji alifika Ijumaa asubuhi, mama mwembamba mwenye maneno machache na baiskeli iliyochakaa kwa matumizi. Aliendesha mbele, ramani yenye muhuri imefungwa kwenye usukani. Mabwawa yote matatu aliyapita. Kivukoni alifunga breki.

"Ramani inasema tuvuke hapa," alisema.

Mama Spoki alifungua kinywa, lakini Rula alimtangulia.

"Ramani inasema hivyo kwa sababu niliichora kabla sijafika. Ukivuka hapa leo, utazama. Kosa ni langu, si la shemeji yangu. Njia yenyewe inapita kule, na ile nimeifika."

"Nitajuaje umeifika?"

Rula alimwonyesha viganja vyake.

Mkuu wa mifereji aliviangalia, akageuza baiskeli. Walipita katikati ya matete, kokoto zikilia chini ya tairi, wakavuka karavati mmoja mmoja, wakashuka bondeni. Kwenye daraja aliomba kalamu, na Rula akampa moja ya zile nne. Aliukata mstari wa zamani, akachora mpya, akatia sahihi.

"Kabla ya kiti hiki nilikuwa mlinda lango," alisema. "Ijumaa niliichagua makusudi. Kama mngenivusha kivukoni, nguzo za uzio zingeanza kuchimbiwa Jumatatu. Sasa tutachimbia vibao vya njia."

Mama Spoki alishika ukingo wa daraja, akalia waziwazi, na hakuna aliyemzuia.

Ramani ile ilipokwisha kunakiliwa idarani, Mama Spoki aliiomba, akaitundika kibandani, mkabala na mlango ulioachwa wazi. Wateja wengi huuliza kuhusu ule mstari wa buluu uliokatwa, unaopita juu ya maji. Kama Rula yupo, humwahi shemeji yake kujibu, akiinua viganja vyenye sugu: "Maji usiyoyafika hujui wingi wake."