Ngiri Aliyetaka Kupaa

Paukwa!

Pakawa!

Niwape, niwanyime?

Tupe, na chumvi uzidishe!

Chumvi kwangu haijawahi kupungua. Wasimulizi wa ng'ambo huja kuniazima.

Hapo kale wanyama walikuwa na mashindano ya kushangilia. Si kushangilia mpira. Mpira ulikuwa haujazaliwa. Walishindania shangwe yenyewe: kuruka, kupinduka, na mwisho kujenga mnara wa miili. Wa chini ni mbebaji. Mwepesi hupandishwa juu, naye ni mpaaji. Nyuma husimama mlinzi, mikono tayari, mpaaji asije akavunjika shingo. Washindi hupewa tenga la matikiti lililotundikwa juu ya mlingoti, na mpaaji ndiye hulishusha tikiti moja moja. Mnara ukivunjika kabla tenga halijaisha, matikiti huenda kwa wengine.

Mwaka huo jua lilikausha hata umande. Digidigi, shoga yake Kindi, alikuwa na mtoto mchanga, na maziwa yamemkatika. Mtoto alilia mee, mee, mpaka sauti ikawa uzi.

"Ningepata tikiti, shoga yangu, maziwa yangerudi," Digidigi alinong'ona.

Kindi hakulala. Timu yao ilikuwa yeye, Digidigi na Ngiri. Na Ngiri, mwenye tumbo kama pipa, alikwishatangaza:

"Mwaka huu napaa mimi! Nitakula matikiti, nitakula mbegu, nitakula na tenga!"

Ngiri akimpanda Digidigi mgongoni, mtoto ni yatima. Kindi akatabasamu.

"Vyema, mjomba. Basi anza kufunga leo."

"Kufunga nini?"

"Kula. Mpaaji asubuhi hali, mchana hali, jioni ananusa majani."

"Na mbebaji je?"

"Lo! Mbebaji asubuhi anakula, mchana anakula, jioni anakula. Asipokula atayumba."

Ngiri akameza mate, gu!

"Mimi tangu kuzaliwa ni mbebaji," akasema. "Lakini matikiti ni yangu."

"Nani amekataa? Ila mbebaji ana mwiko: macho juu kwa mpaaji, na miguu ya mpaaji haiachilii mpaka amsikie akisema 'nakuja'."

"Hilo dogo!"

Wakafanya mazoezi, Kindi mpaaji, Digidigi mlinzi. Mikono kiunoni, pa! Mikono pande mbili, pa! Mikono juu kama pembe za swala, pa! Kindi akaruka chini, Ngiri akampakata, pwa! Ngiri akatega sikio. Alikuwa hajawahi kupakata kitu chenye uhai.

"Mbona moyo wake unakimbia hivi?"

"Anaogopa," Digidigi akajibu. "Anakuamini, lakini anaogopa."

Siku ikafika. Nyani wakapinduka wakagongana vichwa, ko! Kindi akasimama juu ya mikono ya Ngiri kwa mguu mmoja, mkia wima, uwanja ukalipuka hoyee! Korongo, mwamuzi, akainua bawa: wameshinda.

Kindi akafungua tenga. Tikiti likashuka, puu! likapasuka mbele ya Digidigi.

"Nani anatafuna huko?"

"Macho juu, mjomba!"

Puu! Panya wakaja, sungura wakaja, na watoto wao.

"Nasikia harufu!"

"Macho juu, mjomba!"

Puu! Puu! Tenga likawa tupu. Kindi akatazama chini. Digidigi, mlinzi wake, hakuweza kusogea: mtoto alikuwa chini yake, ananyonya. Amebaki Ngiri peke yake, macho mekundu, anajua kila kitu. Akisogea hatua moja tu, basi.

"Mjomba," Kindi akasema taratibu, "nakuja."

Akaruka.

Pwa!

Ngiri alikuwa amempakata.

"Umenidanganya, we mtoto."

"Nimekudanganya, mjomba."

Ngiri akafungua kinywa angurume. Akamwona mtoto wa Digidigi, maziwa yanamtiririka kidevuni.

"Ananyonya?"

"Ananyonya."

"Basi nyamaza, utamshtua."

Akakaa chini polepole, akaanza kutafuna maganda.

Funzo, watoto, mlishike: usimwamini kamwe mwenye tumbo kubwa. Atakuangusha!

Ngano yangu nimeirusha. Aliyeidaka aipakate, iliyomponyoka aiokote mwenyewe.