Bi Pimbi na Wimbo wa Baridi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba zenye milango na majirani wa kuwasengenya, palikuwa na mlima wenye baridi. Jamani, baridi! Kipupwe kikiingia, umande uliganda juu ya majani na maziwa yaliganda kibuyuni.

Mlimani hapo, kando ya mto, palikuwa na jiwe moja pana lililopigwa na jua kutwa. Desturi ya wanyama ilikuwa hii: ua la kwanza likichanua kipupwe kikielekea kuisha, wote hukusanyika ngomani. Mwenye wimbo utakaoitikiwa na kila mnyama, asibaki hata mmoja, hupewa jiwe hilo mwaka mzima.

Miaka saba mfululizo jiwe lilikuwa la Mzee Nyati. Wimbo wake? Ule ule! "Nani mkubwa? Nyati!" Basi. Asiyeitikia alionyeshwa pembe.

Bi Pimbi, mama mdogo wa umbo lakini si wa maneno, aliishi pangoni upande wa kivuli. Mwaka huo kitindamimba wake alikohoa bila kupumzika, kho! kho!

"Mwanangu hawezi kumaliza kipupwe kingine humu," alisema. "Jiwe lile nitalipata, Nyati apende asipende!"

Akaanza kutafuta wimbo. Siku tatu, kichwani hamna kitu. Akaifokea baridi: "Umenigandisha hadi akili, mshenzi wewe!"

Ndipo akasikia meno yake mwenyewe: ka-ka-ka! Nje, Swala alikuwa akipita juu ya umande ulioganda: kwachu! kwachu! Jua likagusa mdomo wa pango, tone likadondoka: to! to!

Bi Pimbi akacheka peke yake. "Kumbe nakutukana bure, na wewe ndiye fundi wa wimbo wangu!"

Habari za wimbo huo zikamfikia Nyati. Akatangaza: "Mwaka huu ni marufuku kuimba wimbo mpya! Atakayethubutu nitamkanyaga."

Asubuhi ya ngoma, ua la kwanza limeshachungulia, Bi Pimbi akamwendea pale jiweni.

"Shikamoo, Mzee Nyati."

"Marahaba. Umekuja kuimba?"

"Wala! Nimekuja kukupa habari. Kuna wanaosema nguvu zako ni za jua la hapa. Eti ukishuka jiweni, huwezi hata baridi ya asubuhi moja."

"Nani kasema?"

"Mimi mmojawapo."

Lo! Nyati akaruka chini, puu! "Nitasimama mtoni mpaka ngoma iishe!" Akaingia majini, chubwi! Maji ya baridi yakamfika tumboni.

Wanyama walipokusanyika, Bi Pimbi akasimama katikati ya uwanja wa ngoma, mahali penye kivuli. Akaanza: ka-ka-ka! To! To! Ka-ka-ka!

"Unaimba!" Nyati akanguruma. "Huyo anaimba!"

"Natetemeka, Mzee. Kutetemeka nako umekukataza?"

Swala, nao wameshikwa na baridi, wakapiga kwato: kwachu! kwachu! Ngedere wakagonganisha meno: ka-ka-ka! Mara uwanja mzima ukapamba moto, wazee kwa watoto.

"Nya-nya-nyamazeni!" Nyati alijaribu kufoka, lakini meno yakamponyoka: ka-ka-ka! Miguu nayo ikaanza kumcheza majini, chubwi! chubwi! sawasawa na ngoma.

"Wote wameitikia!" akapaza sauti Bi Korongo, mwamuzi wa ngoma. "Hata Mzee Nyati!"

"Si-si-sikuitikia! Na-na-natetemeka tu!"

Bi Pimbi akasogea mpaka ukingoni mwa mto, chini kabisa ya zile pembe.

"Mzee, ni wewe uliyepiga kelele kwamba naimba. Wote wamesikia. Basi kama kutetemeka kwangu ni kuimba, kwako nako ni kuitikia. Na kama kuimba ni kosa, haya, tukanyage wote, uanze na wewe mwenyewe!"

Nyati akawatazama. Hakuna aliyerudi nyuma. Swala wakasimama kushoto kwa Bi Pimbi, Ngedere kulia, na meno bado yanapiga ka-ka-ka. Pembe zikainama kwa kushindwa; jiwe likawa la Bi Pimbi.

Bi Pimbi akaenda kumchukua mwanawe, akapanda naye jiweni, akamlaza juani. Mtoto akakohoa mara moja, kho, kisha akalala usingizi.

Fundisho ni hili, watoto wangu: wimbo uliozaliwa na shida ya wote hauzuiliki kwa pembe za mmoja.