Kidole cha Sultani na Moto Usioonekana

Palikuwa na Sultani mmoja, jina lake Shaweji, aliyechukia moshi kuliko alivyowachukia adui zake. Moshi wa majiko ya watu ulipanda, ukaingia madirishani kwake, ukamkalia kwenye kilemba. Siku moja akapiga chafya tisa mfululizo. Ya tisa ikamng'oa jino la dhahabu. Hapo hapo akaamuru mbiu ipigwe: kuanzia mwezi ujao ni marufuku kupikia kuni, ni marufuku kupikia mkaa. Kila mtu apikie haidrojeni!

Watu wakatazamana. Haidrojeni ndiyo mdudu gani? Basi niwaambie mimi ninayejua: ni hewa inayotolewa ndani ya maji. Una mtambo wako, unautia maji, umeme wa jua unayapasua, hewa inatoka kwenye bomba. Ukiiwasha inawaka, moshi hata wa dawa huuoni. Tatizo bei. Mtambo mdogo kabisa ulikuwa bei ya nyumba mbili na shamba la mikarafuu juu yake.

"Msihofu!" akaongeza mpiga mbiu. "Serikali ya Sultani itatoa msaada! Hazina italipa sehemu kubwa ya bei, nanyi mtaununua mtambo kama mnanunua kiberiti!"

Vigelegele vikapigwa. Mwezi ukaandama. Marufuku ikaanza. Msaada haukuanza.

Sasa, katika mji huo aliishi Bi Kazija, muuza maharage pale sokoni. Mali hakuwa nayo, ila mdomo alikuwa nao wa kutosha mtaa mzima. Alikuwa na sufuria moja, kubwa, na hiyo ndiyo iliyowalisha watoto wake watano. Asubuhi moja, maharage nusu yameiva nusu mabichi, askari wakamkuta anapuliza mkaa. Wakabeba sufuria na maharage yake ndani, mbio mpaka kasri.

Mwingine angelia. Bi Kazija alijifunga kanga kiunoni, akashika upawa, akaifuata sufuria yake.

Akamkuta Sultani amekaa uani na Waziri wake, Kibwana, wa ndevu mpaka kitovuni. Kando yao mtambo wa haidrojeni unameta, umevishwa shada la maua. Ulikuwa huo huo mmoja nchi nzima. Na ulifanya kazi gani? Kujazia maputo. Kila Ijumaa Sultani alirusha maputo juu ya paa, akapiga makofi.

"Wewe ndiye unayenitia chafya?" akauliza Sultani.

"Nimefuata sufuria yangu, Seyyid. Chafya nakuachia."

"Kwa nini hupikii haidrojeni?"

"Bei, Seyyid. Nikiuza maharage mpaka wajukuu zangu waote mvi, nitaambulia bomba tu."

"Na msaada wangu?"

"Nimeutafuta hazina, wakaniambia uko kwa Waziri. Kwa Waziri wakaniambia uko njiani. Nikakaa njiani siku tatu, Seyyid. Alipita punda."

Waziri Kibwana akakohoa. Sultani akavimba kama andazi.

"Msaada upo! Kwani kitu kisipoonekana ndiyo hakipo?"

"Nimesikia, Seyyid," akasema Bi Kazija, na neno lile akalifunga kwenye pindo la kanga.

"Mdomo unao. Haya, mtambo huo hapo! Pika hayo maharage kwa haidrojeni mbele yangu. Yakiiva kabla ya adhana ya alasiri, chukua sufuria yako. La sivyo, naifanya beseni la kuoshea miguu."

Jua lilikuwa la utosi. Bi Kazija akapanga mafiga matatu kuzunguka mdomo wa bomba, akafungua koki, akawasha kiberiti. Pwaa! Akateleka sufuria, akakaa.

Sultani akanyoosha shingo. Haoni kitu. Wala hakuna ambaye angeuona, maana moto wa hewa ile, kwenye jua kali, hauonekani.

"Uko wapi moto?"

"Chini ya sufuria, Seyyid."

"Siuoni!"

"Hata mimi siuoni."

Waziri akainama kuchungulia. "Hakuna kitu, Seyyid! Huyu mwanamke anakuchezea sha—"

Ndevu zikalia chwiii! Akainuka na nusu ya ndevu, mkono kidevuni.

Maharage yakaanza kutokota. Harufu ikajaa ua mzima, askari wakawa wanameza mate. Sultani akaona sufuria inamponyoka.

"Yanachemka kwa jua!" akafoka. "Moto haupo! Nisichokiona hakipo! Leteni maji ya miguu!"

"Si umesema sasa hivi, Seyyid, kisichoonekana kinaweza kuwapo?"

"Hilo nililisema kuhusu msaada! Moto ni moto, lazima uonekane!"

"Basi kama haupo, tia kidole."

Askari wanatazama, wapishi wanatazama, Waziri anatazama huku amefunika kidevu. Sultani atarudi nyuma vipi mbele ya watu wake? Akatia kidole.

"Mamaaa! Upo! Upo! Upo!"

"Kaapa mara tatu, na wote mmesikia," akasema Bi Kazija. Akabana harage moja kwa vidole, likapondeka. Adhana bado. Akafunga koki, akaweka ngata kichwani, akajitwika sufuria yake, huyoo mlangoni.

Sultani, kidole kinywani, mara uso ukamng'aa. Akaruka kutoka kitini.

"Ngoja, bibi wee! Umejionea mwenyewe! Moto haukuonekana, na ulikuwepo. Basi ndivyo ulivyo msaada wangu! Nenda sokoni ukawaambie watu: msaada upo, ila hauonekani!"

Bi Kazija akageuka taratibu, sufuria isimwagike.

"Nitawaambia, Seyyid. Ila kwanza tia kidole kwenye huo msaada. Ukipiga yowe, nitaamini."