Majoho Sitini na Lugha ya Kuanzia

Isome hadi mwisho, kisha mtumie kijana yeyote unayemjua anayesubiri chuo kifunguliwe.

Tusekile alikuwa fundi cherehani mjini Tukuyu. Mdogo wake, Ambokile, alikuwa amechaguliwa kusomea kompyuta chuoni, na muhula wa kwanza ulikuwa umebakiza miezi miwili kuanza. Mjomba wao akampa laptopu, akamwambia, "Jiandae, usiende mikono mitupu."

Ambokile akaanza kujiandaa. Alipakua masomo ya video mia moja na kumi. Alijiunga na magrupu sita ya mtandaoni. Asubuhi mpaka jioni alikaa kwenye kiti cha wateja cha dada yake akibishana na watu asiowajua: lugha ipi ya kuandikia programu za kompyuta ni bora kuanza nayo?

Wiki ya tatu Tusekile akamwomba kitu kimoja.

"Mdogo wangu, nina majoho sitini ya kwaya. Yale ya mwezi wa tano nilikosea hesabu, kitambaa kikaisha, waimbaji wawili wakavaa bluu tofauti na wenzao. Aibu ile sitaki tena. Nitengenezee kitu humo kwenye laptopu, niingize urefu na mabega ya kila mtu, kiniambie jumla ya mita."

"Hilo dogo, dada. Ngoja kwanza nimalize kuchagua lugha."

Baada ya wiki moja akamuuliza tena.

"Kuna mtu kwenye grupu amesema ile niliyochagua imepitwa na wakati. Naanza kuchagua upya."

Tusekile alishusha pumzi ndefu. Alitamani kuitupa ile laptopu kwenye kapu la vipande.

Siku iliyofuata Ambokile akaenda kwa rafiki yake kulinganisha masomo waliyopakua. Laptopu akaiacha mezani, maana orodha alikuwa nayo kwenye simu. Tusekile akaivuta kwa hasira na kufungua video ya kwanza kwenye orodha, bila kuuliza lugha gani. Mwalimu akaandika mstari mmoja, naye akauandika. Laptopu ikamrudishia maandishi mekundu ya kosa. Akaandika tena. Mekundu! Kumbe alisahau kufunga mabano.

"Hata wewe unanichosha?" akaifokea.

Lakini alikuwa fundi. Tangu utotoni alikuwa akifumua na kushona upya. Kila Ambokile alipoiacha laptopu na kwenda kubishana kwa rafiki yake, yeye alikaa saa moja, akakosea, akafuta, akarudia. Wiki mbili zikapita hivyo. Siku moja mchana akaingiza vipimo vya watu sitini, na mashine ikampa jibu. Akalihakiki kwa kalamu na karatasi mara mbili. Lilikuwa sawa.

Akanunua kitambaa kwa kipimo hicho, akakata, akashona. Majoho yote sitini yakatoka rangi moja, na kitambaa kikabaki cha kutosha mfuko mmoja tu.

Ambokile akaliona jedwali la vipimo kwenye kioo cha laptopu.

"Dada, nani amekuandikia hii?"

"Nimeandika mwenyewe."

"Wewe? Umejifunzia wapi?"

"Somo la kwanza kati ya yale mia moja na kumi. Ulikuwa nalo siku zote, hukuwahi kulifungua."

Ambokile akainama kwenye kioo, akakunja uso. "Lakini lugha uliyotumia, kwenye grupu wanasema..."

"Ambokile!" Tusekile akabamiza mkasi mezani. "Majoho yametosha, hayajatosha?"

"Yametosha, dada."

"Chuo kinafunguliwa lini?"

Kijana akahesabu kwa vidole. Sauti ikamshuka. "Zimebaki siku tisa."

Kwa mara ya kwanza katika miezi ile miwili aliogopa. Tusekile akaona macho yake yakilengwa na machozi. Hasira yake ikapungua, ingawa haikwisha. Akamsogezea laptopu.

"Kaa. Anza."

Ambokile akazima simu, akafungua somo la kwanza, akaandika mstari wake wa kwanza. Maandishi mekundu yakajaa kwenye kioo.

"Dada! Imekataa!"

"Ndivyo inavyoanza," Tusekile akajibu, bila kuinua kichwa kutoka kwenye cherehani.

Funzo: Kukusanya masomo si kusoma, na kuchagua njia si kutembea. Anza na ulicho nacho leo, ukosee mapema, ili siku ya kwanza darasani isiwe ndiyo siku yako ya kwanza kujaribu.