Udongo wa Upande wa Mgeni

Inasimuliwa, na ukweli wa yaliyopita uko kwa Mwenyezi Mungu, kwamba katika nchi ya Khurasani, zamani za maamiri, palikuwa na mtaa wa wafinyanzi nje kidogo ya lango la mji. Watu wa mtaa ule hawakuwa na mashamba wala mifugo. Walikuwa na bonde moja la udongo mwekundu walilorithi kwa babu zao, na kutoka bonde hilo walipata mitungi, vyungu, riziki ya watoto wao na sadaka ya maskini wao.

Katika mtaa huo aliishi mjane mcha Mungu aitwaye Bi Rudayna. Mumewe, marehemu Harithi, alikuwa mfinyanzi na mwanamieleka aliyesifika kwa ufundi. Mbinu za mieleka alizijua kama imamu anavyoijua Alhamdu. Ikatokea siku moja akapambana na jitu lililotoka milimani. Jitu likamwangukia kwa uzito wake wote, na Harithi akavunjika uti wa mgongo. Aliishi miaka kadhaa akiwa amelazwa mkekani, Bi Rudayna akimlisha na kumtawadhisha, hata siku yake ya kufa ilipofika.

Tangu hapo mama huyu hakutaka kusikia habari za ufundi. Wanaume wa mtaani walipokaa barazani wakabishana, huyu akisema mwenye mwili ndiye mwenye ushindi, yule akisema mwenye kujua ndiye, yeye alikuwa akipita na mtungi wake kichwani anawakata kauli: "Huo ufundi mimi nimeuosha kwa mikono yangu nikauvika sanda. Msinieleze."

Lakini Mola alimjaalia mwana mmoja tu, naye akamfuata baba yake kwa kila kitu. Jina lake Utba. Alikuwa mfupi, mwembamba wa mabega, na nguo za baba yake zilipunguzwa mara mbili kabla hazijamkaa. Baada ya sala ya Alfajiri aliingia kwenye shimo la udongo akaukanda kwa miguu, ukimfika magotini, mpaka jua likawa kali. Kisha alijitwisha udongo mbichi mgongoni akapanda nao kilimani mbio, akashuka, akapanda tena. Jumatatu na Alhamisi aliyafanya hayo hayo akiwa na saumu yake.

"Unakimbia nini, mwanangu, na hakuna anayekufukuza?" mama yake alikuwa akimtania.

"Naitafuta pumzi, mama," Utba alijibu, akacheka, akaondoka mbio.

Basi Amiri wa nchi ile, Mungu amsamehe, alikuwa na farasi wengi kuliko adabu. Akalitamani bonde la wafinyanzi apate pa kuwazoezea farasi wake. Kadhi Mansuri, mtu mwadilifu asiyeogopa lawama, akamwambia wazi kwamba bonde lina wenyewe. Amiri akacheka.

"Basi na walete mtu wa kumwangusha Bahramu wangu," akasema. "Mgongo wa Bahramu ukigusa ardhi, naapa mbele yako sitaligusa bonde lao maisha. Wao wakishindwa, wahame. Na upande utakaobainika kufanya hila, umeshindwa papo hapo."

Kadhi akamwambia kwamba haki ya watu haipimwi kwa mieleka. Lakini Amiri alikuwa na askari, na Kadhi alikuwa na kalamu. Wazee wa mtaa wakashauriana, wakaona hawana njia nyingine. Wakamwendea Utba.

Huyo Bahramu alikuwa pandikizi la mtu. Mlangoni aliingia kwa ubavu. Jiwe la kusagia ngano, ambalo wanaume wenye afya zao hulisukuma kwa kusaidiana, yeye alilinyanyua kifuani akalirusha. Asubuhi yake haikukamilika bila kondoo. Hata hivyo hakuwa mtu mwovu. Alikuwa akisali, na bwana aliyemtumikia ndiye aliyekuwa na tamaa. Alikuwa amezoea tu kwamba akimshika mtu, jambo limekwisha.

Bi Rudayna alipopata habari, aliutua mtungi wake akakaa chini.

"Mwanangu, kataa," akamwambia. "Yule ni mkubwa mno."

"Mama, baba hakuangushwa na ukubwa. Mwaka ule alikuwa ametoka kuugua homa. Mbinu alikuwa nazo, pumzi ndiyo hakuwa nayo. Aliniambia mwenyewe."

"Alisema hivyo akufariji."

"Mimi pumzi ninayo, inshallah."

"Na akikuangukia, Utba? Akikuangukia, nianze tena kulisha mtu mkekani?"

Utba akaubusu mkono wa mama yake.

Ilikuwa desturi ya mtaa ule, siku ya mieleka, wanawake waunyunyizie maji uwanja ili vumbi lisiwasumbue wachezaji. Siku ilipofika, Bi Rudayna aliwatangulia wenzake. Alfajiri haijawa nyeupe sawasawa, yeye yuko uwanjani na mitungi yake. Hakunyunyiza. Alimwaga, mtungi baada ya mtungi, upande mmoja tu, ule anaosimama mgeni. Udongo wa pale ulipokwisha kunywa ukashiba, akauvutia mchanga mkavu juu yake kwa viganja, akausawazisha, pakawa kama pengine pote. Mfinyanzi anajua maana yake: chini ya mchanga ule palikuwa na utelezi kama wa mafuta, na kadiri mtu alivyo mzito ndivyo atakavyoteleza vibaya. Ulimi wake ulikuwa unaleta istighfari muda wote, na mikono yake inaendelea kumwaga. Ndivyo tulivyo sisi wanadamu. Hofu ikitushika, tunaomba msamaha wa dhambi huku tunaitenda.

Baada ya sala ya Alasiri watu wakafurika. Amiri akakaa kwenye zulia lake, Kadhi Mansuri akasimama katikati kama mwamuzi, Bahramu akavua joho, na watu wa mtaa walipouona mgongo wake, wengi wakafa moyo. Bi Rudayna alikuwa mbele ya wanawake, ameushika ushungi wake kwa mikono miwili.

Kulikuwa na adabu moja ya uwanjani ambayo mama huyu, kwa kihoro chake, hakuifikiria vizuri. Kabla ya kukamatana, mwenyeji huvuka uwanja akampa mgeni mkono pale pale mgeni anapokwenda kusimama. Utba akavuka, miguu mitupu, uso mkunjufu. Alipofika upande wa pili akasimama ghafla. Mama yake aliona vidole vya mguu wake vikijikunja mchangani, vikizama kidogo, vikitulia. Mguu ule ulikuwa umekanda udongo tangu utoto, na yeye mwenyewe ndiye aliyeufundisha kutambua udongo uliokunywa maji na usiokunywa.

Mpe mkono urudi, mwanangu, alisema kimoyomoyo. Mpe mkono urudi. Hakuna aliyeona, bonde litabaki letu, nawe utarudi nyumbani kwa miguu yako.

Utba alimtazama Bahramu. Akawatazama wazee wa mtaa, ambao kesho yao yote ilikuwa mabegani mwake. Kisha akainua mguu, akaugeuza unyayo juu mbele ya watu wote, nao ulikuwa mwekundu kwa tope.

"Ewe Kadhi wetu," akasema, "hapa pana hila. Udongo huu umelowanishwa ukafunikwa mchanga, na hapana awezaye kuifanya kazi hii ila mtu wa mtaa wetu. Mgeni asisimame hapa, ataumia."

Hakugeuka kumtazama mama yake, na kwa kutogeuka kule Bi Rudayna akajua kwamba ameshatambuliwa.

Uwanja mzima ukalipuka. "Umetumaliza, Utba!" mzee mmoja akapiga kelele akajishika kichwa. Amiri alisimama akikung'uta nguo zake, furaha imemjaa. "Nimesikia, na Kadhi amesikia," akasema. "Mmejihukumu kwa ulimi wa mtu wenu. Fungeni virago."

Hapo Bi Rudayna akatoka katika safu ya wanawake akasimama mbele ya Kadhi.

"Ni mimi. Mwanangu hakuwa na habari, wala mtu mwingine yeyote. Nilimzika baba yake, nikaogopa kumzika na yeye. Kama kuna adhabu, niadhibiwe mimi. Watu hawa wasivunjiwe nyumba zao kwa ajili ya woga wangu."

Kadhi Mansuri akainamisha kichwa. Sharti lilikuwa sharti, na yeye alikuwa shahidi wake. Aliyesema kwanza alikuwa Bahramu. Alikuwa ameinama anachimbua mchanga kwa kidole, akaliona tope, akajua kwamba lau angeweka mguu pale angeanguka chali kabla hajamgusa mtu.

"Ewe Amiri," akasema, "nimeangusha watu katika miji mingi, na sijapata kumwona mmoja aliyenionyesha mahali pa kutosimama. Nikiuchukua ushindi huu, nitautazama vipi uso wangu kwenye maji nikitawadha? Nipe ruhusa nipigane naye pakavu."

"Pumbavu, umeshashinda!"

"Sijashinda kitu. Hata sijamshika."

Amiri akamtazama Bahramu, akamtazama Utba ambaye alimfika kifuani, akaona hapana cha kuhofia. Pengine aliona itapendeza zaidi. "Haya. Mvunje, kisha twende zetu."

"Na kiapo chako, ewe Amiri," Kadhi akauliza upesi, "ni kile kile?"

"Ni kile kile."

Wakahamia mbele ya tanuri la mtaa, penye ardhi ngumu iliyokauka kwa moto wa miaka. Waliokuwepo wamesimulia kwamba Bahramu alimkamata Utba mara ya kwanza tu walipogusana, akamnyanyua juu, wanawake wakapiga ukemi. Lakini Utba alikuwa ameshaupitisha mguu wake nyuma ya goti la Bahramu, ukang'ang'ania pale, na mtu hawezi kukirusha kitu kilichomshika mguu. Bahramu akamshusha. Akamkamata tena, akambana mbavu mpaka uso wa Utba ukaiva. Utba hakushindana na nguvu zile. Alilegea akapumua kidogo kidogo, akangoja, na mikono ya Bahramu ilipochoka kubana akachomoka chini ya kwapa. Ikawa hivyo mara nyingi. Jitu linakamata, mfinyanzi anangoja, anachomoka, anarudi mbele yake na pumzi zake kama mtu aliyetoka kuchota maji.

Jua likaanza kuinama, na Bahramu akaanza kupumua kwa mdomo. Mtu aliyekula kondoo mzima ana nguvu za ajabu, lakini kondoo yule naye inabidi abebwe. Kifua chake kilipanda na kushuka kwa nguvu, jasho likamziba macho, na kila alipomfikia Utba alichelewa kidogo kuliko mara iliyotangulia. Mwishowe akaona ayamalize. Akajitupa mbele kwa uzito wake wote ili amlalie, maangusho yale yale yaliyomvunja Harithi. Utba hakurudi nyuma wala hakujaribu kuuzuia mlima ule. Akajiingiza chini yake, akaukamata mkono mmoja, akageuza kiuno akampiga ngwala, na uzito aliokuja nao Bahramu ndio huo huo uliomvusha juu ya mgongo wa Utba. Akaanguka chali, vumbi likatimka mpaka kwenye zulia la Amiri.

Takbiri zilizopigwa, wanasema, zilisikika ndani ya mji. Bahramu alilala vile vile kwa muda akiliangalia anga, kisha akainuka, akamnyanyua Utba kwa mara nyingine, safari hii akamweka begani akamzungusha mbele ya watu wake. Amiri akaondoka uso umemshuka. Lakini kiapo alikila mbele ya Kadhi na mbele ya umati, akakiheshimu, nalo bonde likabaki kwa wenyewe.

Ndugu zangu, watu wa barazani hawakuacha kubishana. Waliosema ufundi walikuwa na hoja, na waliosema pumzi na mazoezi walikuwa na hoja, na hata waliosema mwili hawakukosa la kusema, maana bila moyo wa mwenye mwili mkubwa siku ile pasingekuwa na mieleka yoyote. Mimi sina ubishi nao. Mtu na aukande udongo wake kila siku kwa subira, amkabidhi Mola matokeo. Ila najua kwamba katika yote Utba aliyoyainua siku ile, hapana lililomwelemea kama mguu wake mwenyewe.

Bi Rudayna alitubu, akafunga siku nyingi kwa ajili ya maji yale, na akaishi mpaka akawaona wajukuu. Alipokuwa mzee sana, wanawake wa mtaani walipenda kumkalisha wakamwambia: "Bibi, hebu tuambie. Ulijisikiaje ulipomwona Bahramu anaanguka?"

"Bahramu?" alikuwa akiwajibu. "Mimi Bahramu anaanguka sikumwona. Nilikuwa nimejifunika ushungi, nalia. Nilichokiona ni mwanangu ameinua unyayo una tope, na sote tumeshashindwa, na bonde limekwenda, naye kasimama pale mwembamba vile vile. Wallahi, sijapata kuona mtu mkubwa kama yule."