Ngazi Zilizoishia Ukutani

Kuuliza si ujinga. Maana yake ni kwamba anayeuliza hajivunjii heshima, bali anatafuta njia ya kujua. Ni methali nzuri, ila nadhani aliyeitunga hakuwahi kulea binti wa miaka tisa ambaye mtaa mzima humwita Kwanini.

Mama yake Kwanini alikuwa fundi bomba, tena fundi hodari asiyejua kukaa. Siku hiyo shule ilikuwa imefungwa, kwa hiyo walitoka pamoja asubuhi, mama amebeba mfuko wa spana, binti amebeba tochi na maswali. Kazi zilikuwa tatu: sinki la saluni, tangi la karakana, na bafu la mzee mmoja mstaafu. Kabla ya saa nne Kwanini alikuwa ameshauliza watu wa kale walioga wapi, nani alitengeneza bomba la kwanza, na kama mama naye alichapwa alipokuwa mdogo.

"Mwanangu, leo kazi zimenifika shingoni," mama akasema. "Funga duka la maswali mpaka jioni."

"Hata moja tu?"

"Hata nusu."

Hapo simu ikalia. Alikuwa mkutubi wa maktaba, sauti imempanda. "Fundi, njoo mbio! Bomba limepasuka, maji yanaingia chumba cha magazeti!"

Walitoka shoti. Chumba hicho kilihifadhi magazeti ya zamani, nakala moja moja, ambazo hazikupatikana kwingine. Kwanini alikipenda kuliko mahali popote. Kila Jumamosi alijifungia humo akisoma matangazo ya baiskeli na redio za enzi za babu yake. Walipofika, maji yalikuwa yakiruka kutoka ukutani, na wasomaji waliokunja suruali walikuwa wakipokezana marundo ya magazeti hadi juu ya meza. Marundo yalikuwa mengi, mikono michache. Maji yalibakiza vidole viwili tu kuifikia rafu ya chini.

"Koki kuu iko wapi?" mama akauliza.

"Sijui, fundi. Nimehamia hapa mwaka juzi tu. Watu wa idara ya maji wanasema watafika baada ya saa nzima."

Mama hakubabaika. Alikuwa na kanuni aliyorithi kwa fundi aliyemfunza kazi: katika majengo ya zamani, koki kuu ilifukiwa hatua nne kutoka ngazi za mlango mkubwa, mkono wa kulia unapotoka. Akatoka kwa mlango mkubwa, akahesabu hatua nne, akachimba kwa sururu aliyopewa na mkutubi. Udongo mtupu. Akajaribu kushoto, akakuta mawe. Jasho likamtiririka.

Kwanini, aliyeambiwa akae kando, alizunguka nyuma ya jengo. Huko akaona kioja. Ngazi tatu za mawe, pana, zilizolika katikati kwa kukanyagwa, zilipanda zikaishia kwenye ukuta. Hapakuwa na mlango wala dirisha. Bibi mfagiaji alikuwa akipita na ndoo yake.

"Shikamoo, bibi. Ngazi hizi zinakwenda wapi?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Haziendi popote, zimestaafu." Bibi akatua ndoo. "Zamani mbele kulikuwa huku. Barabara ilipita hapa tuliposimama. Ilipohamishwa, wakaziba mlango wa hapa na kutoboa ule mwingine. Nilikuwa mdogo kama wewe, nikaona kwa macho yangu."

"Sasa mbona hukumwambia mkutubi?"

"Nani kaniuliza?"

Kwanini hakusubiri zaidi. Alikimbia hadi kandambili moja ikabaki njiani.

"Mama! Unachimba nyuma ya jengo!"

"Kwanini, nilikuambia nini kuhusu maswali?"

"Hili si swali, Mama. Ni jibu!"

Akalieleza mbiombio. Mama akamtazama, akatazama shimo lake tupu, akanyakua sururu. Kutoka ngazi zilizostaafu walihesabu hatua nne, mkono wa kulia. Palikuwa na chungu kikubwa cha maua, wakakisukuma wote watatu. Sururu ikashuka mara mbili, na mara ya tatu ikagonga chuma.

"Ipo!" Kwanini akapiga kelele.

Koki ilikuwa imeshika kutu. Mama akaimiminia mafuta, akaibana kwa spana kubwa, bibi na mjukuu wa kupewa wakamsaidia kuvuta. Ikagoma. Wakavuta tena, ikalia kwiii, ikazunguka. Kutoka ndani zikasikika sauti: "Yamekatika! Yamekatika!"

Walipoingia, maji yalikuwa yamegusa ubao wa rafu ya chini. Hakuna ukurasa hata mmoja uliolowa. Mkutubi alicheka huku analia, na Kwanini akalipapasa gazeti la kwanza alilolifikia kama mtu aliyekutana na ndugu yake.

Mama akaketi kwenye zile ngazi kupumua. "Nisamehe, mwanangu. Miaka kumi na mitano najua koki hukaa wapi, na leo sikukumbuka kuuliza mlango ulikuwa wapi."

Alasiri, nyumbani kwa mzee mstaafu, mama alitua mfuko wa spana bila kuufungua.

"Shikamoo, mzee. Kabla sijagusa kitu, hebu niambie, nyumba hii zamani ilikuwaje?"

Kwanini akamvuta ovaroli. "Mama, si ulisema duka limefungwa?"

"Nimelifungua mwenyewe," mama akamjibu. "Kuuliza si ujinga."